Maji ya Mto Oli Yaliyonukia Ubani

Ilikuwa Jumamosi iliyopita, saa nne na robo asubuhi. Mama alikuwa amenituma sabuni, nikapita njia ya Mto Oli, nyuma ya shule yangu ya msingi. Mafundi walikuwa wanabomoa kile kibanda cha mabati tulichofanyia Siku ya Sayansi. Nikasimama pale na sabuni mkononi kama mjinga. Vumbi lilipanda, lakini pua yangu ilisikia ubani.

Ngoja nikueleze, maana nyumbani nikianza wanacheka tu.

Muhula wa pili ukifika, mwalimu wetu wa sayansi alikuwa anafunga vitabu wiki nzima. Kibanda kilijaa makopo, misumari na betri kuukuu za redio tulizoanika juani ili zipate nguvu. Gundi yetu ilikuwa uji mzito wa muhogo, na iliyobaki tuliramba. Mwalimu alikuwa na sharti moja tu: "Iko yako, eleza wewe. Ukinyamaza, meza napea mwingine."

Na mimi nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Darasa la nne nilitengeneza kinu cha upepo kwa bati la kopo, kikazunguka vizuri. Wazazi walipofika mbele yangu, ulimi ukakauka. Rafiki yangu akapewa meza, akaeleza kinu changu, akapigiwa makofi. Nililia chooni. Nikaapa kwamba mwaka unaofuata nitasema, hata kama nitatapika.

Mwaka uliofuata nilitengeneza chujio. Nilikata kitako cha chupa ya plastiki, nikaigeuza, nikaweka pamba, makaa yaliyosagwa, mchanga na changarawe. Maji ya matope ya mto yangeingia juu, yadondoke chini kwenye chupa ya jemu yakiwa meupe. Jioni nilimweleza Bibi yangu kwamba kesho wageni watasimama kuangalia maji yakiingia kwenye ile chupa.

Yeye alishika neno moja tu: wageni.

Sisi ni Wanubi, na kwetu maji ya mgeni hayachotwi hivihivi. Bibi alikuwa anatia ubani juu ya kaa la moto, anafunika mtungi wake kichwa chini juu ya moshi mpaka ushibe, ndipo anamimina maji. Kazi yangu ilikuwa kupepea. Mgeni akinywa na kushusha pumzi, Bibi alitembea uani kama mtu aliyepandishwa cheo jeshini. Basi asubuhi nikakuta chupa yangu ya jemu imeoshwa, imefungwa kifuniko, imeviringishwa kitambaa safi. Nikafurahi, nikakimbia nayo shuleni.

Wazazi wakaja, Bibi mbele na nguo yake ya Idi. Nikamimina matope. Tone, tone, tone, meupe kabisa! Nikaweza kusema, "Hii changarawe. Hii mchanga. Hii makaa." Mwalimu akainua chupa juu. "Maji safi haina rangi, haina..." Akanusa. Akanusa tena. "Haina harufu. Sasa hii mbona iko na harufu ya harusi?"

"Mto Oli imeolewa!" mtu akapiga kelele nyuma, na kibanda kizima kikaangua kicheko.

Rafiki yangu alikuwa tayari anasogea karibu na meza. Ndipo Bibi akasimama. "Mwalimu, wewe unapea wageni maji bila kufukiza chombo? Kwenu iko namna gani?" Wakacheka zaidi. Nikamwona anaangalia mikono yake, hajui imekosa nini.

Hapo mdomo ukafunguka. "Mwalimu, chujio haina kosa! Bibi alifukiza chupa. Makaa na mchanga imetoa matope, halafu harufu imeingia mwisho, huku chini. Na hii si ya kunywa, mpaka tuchemshe." Nilisema yote kwa pumzi moja, nikiangalia watu machoni.

Mwalimu hakucheka. "Sasa tukirudisha hii maji ya ubani juu, itatoka na harufu?"

"Sijui," nikasema. "Tujaribu."

Tukarudisha, safari hii chini tukaweka kikombe kitupu. Wazazi wakapanga mstari kunusa kama wanapokea dawa. Harufu ilikuwa imepungua sana, karibu yote imebaki kwenye makaa. Makofi yakapigwa, na katikati ya makofi Bibi akalalamika kwa sauti, "Mmeharibu maji yangu!"

Yule mwalimu alihamishiwa Koboko. Aliyemfuata anasema sayansi iko kwenye kitabu, basi Siku ya Sayansi ikafa polepole, na sasa hata kibanda hakipo. Bibi yuko Lurujo kwa mjomba, anapalilia karanga. Wageni wetu tunawapa soda. Mtungi wake umebaki jikoni kwetu, tunawekea vitunguu.

Jumamosi ile sikulia, usidhani. Nilifika nyumbani, nikampa mama sabuni yake. Lakini Jumapili asubuhi nilitoa vitunguu, nikasugua mtungi, nikawasha sigiri ya makaa, nikampigia Bibi simu.

"Bibi, ubani natia saa ngapi, kaa likiwa jekundu au likianza jivu?"

"Jivu, mama yangu. Nani anakuja?"

"Hakuna mtu, Bibi."

"Basi pepea polepole," akasema. "Usikate simu. Nataka kusikia."

Nikaweka simu chini karibu na sigiri, nikaanza kupepea.