Picha ya Kwenda Migodini

Nilisikia mchi ukitwanga kabla sijamwona mtwangaji. Bendi yetu ilikuwa imepiga dansi Iringa, nami, mpiga tarumbeta, nikatoka asubuhi na kamera yangu. Nikapiga hodi, mama mmoja akanikaribisha uani. Alitaka picha ya kumtumia mwanawe, aliyekuwa migodini Afrika Kusini.

“Vaa gauni la kanisani, wifi!” jirani yake akamtania.

“Nikipendeza atasema mama hana shida, atakaa hukohuko. Piga hivihivi, mwanangu.”

Akainua mchi, pumba zimetanda nyusini, shingo imenyooka. Alipendeza kuliko bibi harusi yeyote niliyewahi kumpiga picha. Sikumwambia; nikampiga picha.

“Kaisafishe upesi,” akasema, akanisindikiza hadi mlangoni, akaufunga nyuma yangu.