Apiyo wa Nyansurura

Bibi yangu aliitwa Gati, na siku zote nilidhani amezaliwa na jina hilo. Mpaka alipolazwa na ugonjwa hapa nyumbani Nyansurura, miguu imevimba, ndipo aliponiambia kwa sauti ndogo kwamba yeye ni Apiyo.

"Kwa Wajaluo, Apiyo ni pacha anayetangulia," alisema. "Anayefuata ni Adongo. Judith, nitafutie Adongo nimwone kabla sijafa."

Baba yake, Okech, alikuwa mkulima kule Tarime, mpakani. Enzi za Mwingereza habari za dhahabu zilimvuruga akili. Akaacha shamba, akamchukua Apiyo akampikie machimboni huku Serengeti. Adongo akabaki na mama yao. Shimo lilimfukia Okech kabla hajaona hata punje. Mzee Heche, Mkurya wa hapa, akamchukua yule mtoto, akampa jina la Gati, akamlea hadi akaolewa na mwanawe. Jina la kwao halikutajwa tena. Watu husema Heche alimwokoa. Mimi nasema alimlisha vizuri na jina akamnyang'anya.

Nilikwenda Tarime. Pale mtaa wa Nyamisangura niliulizauliza hadi nikaelekezwa kwa muuza dagaa mmoja, Amondi. Nilimwamkia shikamoo, nikamtajia Adongo na pacha wake Apiyo. Akaacha kupima dagaa.

"Huyo ni mama yangu. Tulimzika mwaka juzi," alisema. "Alimtafuta sana huyo Apiyo. Akasikia yuko Nyansurura, akaenda, akafika kwenye mji wa familia moja, wenye jiwe kubwa jeupe mlangoni. Mwanamke wa pale akamwambia hakuna Apiyo. Akarudi, na hakutafuta tena."

Jiwe hilo ni letu. Nimelichezea tangu utotoni. Na mwanamke wa pale ni mama yangu, Felista. Kwetu mke hamtaji mama mkwe wake kwa jina, hivyo mama alimjua kama Mama Waitara tu, kwa jina la mwanawe. Hata hilo la Gati hakuwahi kulitamka.

Niliporudi nilimkuta akimkanda bibi miguu kwa maji ya moto. Nilishindwa kuficha, nikasema yote. Mikono ya mama ikasimama.

"Ni ule mwaka dhahabu ilipoonekana mtoni," alisema. "Wageni walipita kila siku wakiulizia watu wao machimboni. Nikajua naye ni wa hao hao. Mama, wewe ulikuwa shambani. Nilimpa maji tu, akanywa amesimama."

Nilikuwa nalia kwa hasira, na nilitamani bibi amtukane mama, amtukane Heche kaburini, ailaani dhahabu na kila aliyeifuata.

"Yale maji, aliyamaliza?" bibi aliuliza.

"Aliyamaliza, mama."

"Basi alikuwa na kiu," bibi alisema, akageukia ukutani.