Kula Mbele ya Mtu, Mara Moja

Mke wa Mzee Khoat, Nhan, alikuwa na tabia moja iliyomkera mumewe kwa miaka thelathini na moja. Asubuhi ya kwanza ya mwaka mpya, kabla hata ya chai, huyo anavaa nguo yake nzuri, anakaa mezani, anafungua kalamu mpya na kuandika mambo ambayo nyumba ile itayatimiza mwaka huo. Yake na ya mumewe. Wengi pale mjini Nam Dinh hufungua kalamu siku hiyo, lakini wao huandika beti mbili za baraka wakaishia hapo. Nhan alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na mwalimu hamwachi mtu bila kazi.

"Khoat: anywe maji. Khoat: asivutie sigara ndani. Khoat: azungumze na watu."

Hilo la mwisho lilirudi kila mwaka, kama mwanafunzi anayerudia darasa.

"Mbona nazungumza," Khoat alikuwa akijibu. "Nazungumza na feni kutwa."

Na kweli. Alikuwa fundi wa feni, na feni mbovu aliibembeleza kama mtoto mwenye homa: una nini mwanangu, nani kakuumiza? Mwenye feni mwenyewe aliambulia neno moja tu: "Kesho." Maneno mengine yote, ya majirani, ya mashemeji, ya muuza mboga, aliyabeba Nhan.

Mwezi wa tisa Nhan akafa. Khoat akabaki na nyumba ambayo alijua kila parafujo yake, ila hakujua sukari inakaa wapi.

Sasa, mtu akifiwa na mkewe pale, mwaka mpya hapigi hodi kwa mtu. Nuksi ya kifo inamfuata kisiginoni, na akiingia kwako siku za sikukuu anakuachia. Hakuna anayemfukuza, la hasha. Ni adabu aliyofunzwa tangu mdogo, anajifukuza mwenyewe. Ndugu walikuja siku mbili kabla ya sikukuu, wakamwashia Nhan ubani, wakaacha mikate miwili ya mchele wa kunata iliyofungwa majani, wakaenda zao. Binti yake Diep yuko kusini, na alikuwa na siku kumi na mbili tu tangu ajifungue. Mzazi hasafiri.

Asubuhi ya mwaka mpya Khoat alifungua droo akitafuta kiberiti, akaikuta kalamu. Mpya, bado iko kwenye karatasi yake. Nhan aliinunua mapema, kama kawaida yake, akafa kabla ya kuifungua. Khoat aliibandua karatasi. Kisha akavaa koti lake la harusi za watu, akaketi, akaandika: *Kubadilisha balbu ya ngazi.*

Akainuka, akaibadilisha, akarudi, akaweka tiki. Nhan angeuita huo wizi wa mtihani.

Akaandika: *Kunywa maji.*

Halafu kalamu ikakwama hewani. Alikuwa mpweke, basi, tuseme ukweli. Usiku aliumudu, maana kila mtu hulala peke yake ndani ya usingizi. Kilichomshinda ni chakula. Meza ile ilikuwa na viti viwili, na tangu mwezi wa tisa alikuwa akila wima karibu na jiko, haraka, kama mtu aliyeiba. Akainamisha kichwa akaandika polepole: *Kula mbele ya mtu. Mara moja.*

Mchana Diep akapiga simu. "Baba, umeandika malengo?"

"Nimeandika."

"Nisomee basi."

"Ya kwangu hayo, ya nini kukusomea?"

Diep akacheka, halafu akasema mtoto analia. Aliyekuwa akilia hakuwa mtoto.

Siku tano alikula mikate ile, asubuhi, mchana, jioni, hadi koo likagoma. Siku ya sita Bi Luu, wa ng'ambo ya kichochoro, akafungua mgahawa wake. Anauza supu ya tambi na nyama ya ng'ombe, na Nhan alikuwa akila kwake kila asubuhi miaka yote hiyo, wakisengenya mpaka supu inapoa. Khoat hakuwahi kuingia hata mara moja. Alikuwa na feni.

Akavaa koti, akatoka, akasimama mlangoni pa nyumba yake mwenyewe. Na hapo hapo akakumbuka: mteja wa kwanza wa mwaka ndiye anayebeba bahati ya mwaka mzima. Akiwa na mkono wa baraka, unauza mpaka unachoka. Akiwa na mkosi, kwisha. Bi Luu kwa mambo hayo hana mchezo. Mwaka juzi mwanamke mmoja aliuliza bei akaondoka bila kununua, naye Bi Luu akawasha karatasi akafukiza kizingiti kizima huku akimtukania ukoo. Khoat aliyaona yote dirishani. Alimcheka.

Basi leo akaamua kungoja. Mmoja aingie kwanza, naye afuate.

Manyunyu yalikuwa yakishuka, baridi ya kupenya mifupa. Saa nzima ikapita. Bi Luu alikuwa amemwandaa mtu wake wa kufungua biashara, Bwana Phuc, baba wa wana wanne, mnene, mwenye kucheka. Phuc haonekani. Bi Luu akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akamwona Khoat. Khoat akatazama viatu vyake. Ikafika saa mbili na nusu. Supu inachemka, mabakuli yamepangwa, na kichochoro kizima kina wazee wawili tu wanaoviziana.

"We shemeji!" Bi Luu akapaza sauti. "Umekuwa nguzo ya umeme?"

"Napunga upepo."

"Kwenye mvua? Una njaa au huna?"

Khoat akameza mate. "Nina msiba, Bi Luu."

"Kwani sijui? Aliyemvisha Nhan soksi za kuzikwa nazo ni nani?"

Khoat akajifuta mvua usoni.

"Phuc kalewa, mkewe kanipigia sasa hivi. Nyama inaharibika. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Ingia, kabla sijabadili mawazo!"

Akaingia, akivuka kizingiti kwa kunyata. Bi Luu akamwekea bakuli, akakaa mbele yake na kikombe cha chai, viwiko mezani. Khoat akala. Mvuke ulimsaidia, maana machozi yalikuwa yakimtoka.

"Tia pilipili. Mwenzio alikuwa akitia tatu," Bi Luu akasema. "Akila anakusema wewe. Anasema, 'Mume wangu bubu, Luu, siku akizungumza nitafanya karamu.'"

"Alisema hivyo?"

"Kila siku ya Mungu. Tulicheka!"

Khoat akacheka pia, kwa sauti iliyokwaruza kama feni isiyotiwa mafuta. Alimaliza mpaka tone la mwisho. Aliaga, akatoka.

Alikuwa anashika kitasa chake aliponusa moshi. Akageuka. Bi Luu alikuwa amechuchumaa kizingitini, karatasi inawaka mkononi, akiizungusha huku na huku pale pale alipopita. Macho yao yakakutana. Khoat akatamani asingetoka nyumbani kabisa.

"Usininunie!" Bi Luu akafoka, moshi ukimkohoza. "Biashara ni biashara! Nimefukiza mkosi, sijakufukiza wewe! Kesho njoo saa mbili, wenzako wakishatangulia. Nitakuwekea kile kiti chake cha dirishani. Umesikia, au umerudia ububu?"

Khoat akaachia kitasa.

"Nimesikia," akasema. "Nitakuja."

Ndani, hakuvua koti. Akaketi, akaichukua ile karatasi, akafungua kalamu ya mkewe. Hakuweka tiki. Alikata maneno mawili ya mwisho, *mara moja*, kwa mstari ulionyooka.