Mifuko ya Mchanga ya Arsenio Trujillo

Fermín Trujillo alifariki Jumanne kwa ugonjwa wa figo, na Jumatano asubuhi mdogo wake Arsenio alikuwa amelala chini ya pikapu. Watu wa kijiji chetu cha Chimayó waliopita kutoa pole waliziona buti zake tu. Hakulia. Alisema "asante" kwa kila mmoja kwa sauti ileile, kisha akaendelea kulegeza nati.

Marehemu alikuwa ameacha ombi moja: apelekwe makaburini kwa pikapu hiyo ya mwaka 1968, ambayo ndugu hao wawili waliishusha mpaka tumbo likakaribia kugusa lami. Bondeni kwetu, ambako gari lililoshushwa hivyo ni fahari ya mtu, hakuna aliyeshangaa. Aliyekataa ni mjane wake, Ofelia.

"Shemeji, gari hilo nalijua," alisema akiwa mlangoni mwa gereji. "Likikuta shimo linarusha makalio pembeni kama punda. Fermín hatarushwa. Lisipotulia hadi Ijumaa jioni, nakodi gari la mazishi."

"Litatulia."

"Ndivyo ulivyomwambia yeye. Miaka miwili."

Ilikuwa kweli. Arsenio, fundi wa magari, aliwahi kufukuza wateja waliotaka kazi ya kulipua. Lakini walipomaliza kuweka springi fupi na Fermín akalalamika kwamba nyuma inahama, alimcheka: "Umezeeka, kaka, sasa unaogopa matuta! Litatulia." Kisha, kwa siri, akapanga mifuko kumi na miwili ya mchanga nyuma ya pikapu na kuifunika kwa zulia. Gari likawa zito, likakaa chini vizuri zaidi, na mruko ukapungua. Ubovu ulibaki palepale. Anayemficha ndugu yake ubovu hana haki ya kujisifu kwamba ni mwaminifu kwa wageni, na Arsenio alikuwa akijisifu.

Sasa jeneza lilihitaji nafasi hiyo. Aliitoa mifuko mmoja mmoja, akaendesha hadi kwenye mabomba yaliyolazwa barabarani kuzuia ng'ombe. Sehemu ya nyuma ikaruka kushoto kwa nguvu, gari likakaribia mtaro. Hata moyo haukumwenda mbio. Aligeuza akarudi.

Alasiri akaja Cruzita, jirani yake mchomeleaji.

"Umekagua nini, mzee?"

"Matairi, upepo uko sawa. Shokapu nimebadilisha, zile za zamani zilikuwa ndefu mno. Mipira inayozuia ekseli isigonge chasisi nimeipunguza. Bado."

Cruzita akachuchumaa, akaingiza mkono kati ya tairi na madigadi. Upande wa kulia viliingia vidole vitatu. Kushoto, kimoja, tena kwa shida.

"Arsenio! Ekseli nzima imehamia kushoto. Wewe ni fundi au mpiga picha wa kutazama tu?"

Arsenio alichukua taa, akaingia chini. Kuna fimbo ya chuma inayoshika ekseli kwa chasisi ili isitangetange. Gari lilipokuwa juu, fimbo ililala sawa. Waliposhusha chasisi, upande mmoja wa fimbo ukashuka nayo, ikainama. Na kwa kuwa ni fupi, kila tuta lilipoinua ekseli, fimbo iliivuta pembeni. Miaka miwili nyuma angeliona hilo kwa dakika kumi, kama angechukua jeki badala ya koleo la mchanga.

Alhamisi yote walifanya kazi. Cruzita alitengeneza fimbo ndefu zaidi, wakapandisha kishikio chake kwenye chasisi, wakapima kwa pima maji mpaka ikalala sawa. Vidole viwili kila upande.

Ijumaa jioni Ofelia alikuja amevaa gauni jeusi. Arsenio akamfungulia mlango wa mbele. Ofelia akazunguka, akapanda nyuma, akaketi kwenye mbao.

"Shemeji, hapo palikuwa na mchanga," Arsenio akasema. "Niliuweka ili Fermín asisikie ubovu. Nikamwambia ni mwoga."

Ofelia akapitisha kiganja juu ya mbao.

"Kwa hiyo hakuwa mwoga."

"Hakuwa."

"Endesha."

Walipita juu ya mabomba polepole. Ofelia akagonga kioo kwa pete yake: tena, kwa kasi. Walipita tena. Ekseli ilipanda ikashuka, gari likaenda moja kwa moja. Mara ya tatu Ofelia hakushika kitu chochote. Aliposhuka alikung'uta vumbi.

"Atapanda hapa. Mfunge kwa mikanda, si kwa kamba."

Jumamosi msafara ulipanda kilima, na sehemu ya nyuma ya pikapu ikafuata ya mbele bila kuhama. Wanawake waliimba, Arsenio alisikiliza ekseli tu. Baada ya maziko walimpa bakuli la mahindi ya kuchemsha na nyama ya nguruwe, yenye pilipili nyekundu. Akala lote.

"Pilipili imezidi?" Cruzita akauliza.

Arsenio alilitazama bakuli tupu. Hakujua.