Bi Sababu Halitaki Neno "Ghafla"

Saa mbili kamili asubuhi. Ofisi ya usajili wa vifo haijafungua milango, na tayari Bi Sababu anagombana na karatasi.

"Ghafla!" anaisoma kwa sauti, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. "Kijana wa miaka ishirini na miwili, sababu ya kifo: ghafla. Huo ni ugonjwa gani? Unaambukiza?"

Karani mwenzake, anayeandikisha vizazi, hainui hata kichwa. "Mimi upande wangu hakuna anayeuliza kwa nini wamezaliwa," anasema.

Jina la Bi Sababu alibandikwa miaka sita iliyopita, alipokataa kugonga muhuri fomu iliyoandikwa "aliamka akiwa amekufa".

Mama huyu wa miaka hamsini na miwili ana daftari lake binafsi. Humo wamo vijana sitini na mmoja waliokufa bila kuugua, na bila mtu kujua kilichowaua. Kila Ijumaa mchana, kazi ikipungua, huenda kuwauliza wafiwa.

Si wote wanaomkaribisha. Mzee mmoja alidhani ameleta posa.

"Nikapewa chai, nikaulizwa kijana wetu anafanya kazi gani," anasimulia. "Nilipotoa fomu ya kifo, chai ikarudishwa jikoni."

Mumewe, fundi seremala, naye ana yake. "Nikikohoa tu, nasikia kalamu inafunguliwa."

Mwaka jana daftari lilimshtua. Vijana wawili wa baba na mama mmoja: wa kwanza alianguka uwanjani akifukuzia mpira, wa pili, miaka minne baadaye, akipanda ngazi na ndoo ya maji. Fomu zao zilikaa kwenye makabati tofauti, na hakuna aliyewahi kuziweka pamoja.

Alimkuta mama yao anafua. Alipouliza kama kuna mtoto mwingine, maji ya sabuni yote yakamwishia kifuani.

"Akanifokea, 'Na huyu unataka kumwandika?'" Hapa Bi Sababu anavua miwani. "Nikamwambia, dada yangu, nataka nisimwandike."

Alirudi Ijumaa iliyofuata, mlango ukafungwa. Ya tatu, aliyetoka ni mtoto aliyebaki mwenyewe, binti fundi cherehani wa miaka kumi na tisa. "Mama, twende tu hospitali," alisema. "La sivyo huyu atahamia hapa."

Vipimo vilionyesha moyo wenye mapigo yasiyo sawa, ugonjwa wa kurithi. Alipewa dawa, akakatazwa mbio.

"Wengi wa aina hii huletwa wamebebwa, tumeshachelewa," anasema daktari aliyempima. "Huyu aliletwa na karani, tena anasukumwa mgongoni."

Sasa Bi Sababu anataka swali moja liongezwe kwenye fomu: je, kuna ndugu mwingine aliyekufa hivi? Ameandika barua nne makao makuu. Amejibiwa mbili, kwamba suala linashughulikiwa.

"Nimewauliza linashughulikiwa na nani, na kama huyo mtu ni mzima wa afya," anasema. Amebakiza miaka minane astaafu, na ameapa kutoondoka kabla fomu mpya haijachapwa.

Wiki iliyopita fundi cherehani alitokea kwenye foleni yake, na Bi Sababu akaweka kalamu chini, akauliza nani amekufa. Kumbe binti anaulizia ofisi ya ndoa, na mchumba yuko nyuma yake.

Bi Sababu alimkumbatia, akafuta machozi, kisha akamgeukia kijana.

"Na kwenu, baba, hakuna aliyekufa ghafla?"

Kijana akamtazama mchumba wake.

"Mjibu," binti akamwambia. "Hatutoki hapa mpaka umjibu."