Usiipikie Roketi Majibu

Nakumbuka vizuri siku ile, mwanangu, na damu bado inanichemka nikiitaja. Tangu juzi uliporudi na habari kwamba mwalimu wako anataka ubadilishe vipimo vya roketi yako ili mstari wa grafu unyooke, sijapata raha. Weka kisu chini, viazi vitangoja. Nisikilize.

Nilikuwa kidato cha tatu hapa hapa Lushoto. Vifaa hatukuwa navyo, basi nikajitengenezea roketi ya maji: chupa ya soda ya plastiki, kizibo nilichokitoboa nikapitisha vali ya tairi la baiskeli, na mapezi niliyoyakata kwenye ndoo mbovu. Unatia maji, unaigeuza mdomo chini, unapiga pampu. Hewa ikizidi, kizibo kinachomoka, maji yanasukumwa chini na chupa inapaa. Hakuna aliyenituma. Kila Jumamosi, ukungu wa mlima Magamba ukishainuka, nilikuwa uwanjani, sketi imelowa chapa, napima. Kazi iliyo bora shuleni ingepelekwa kwenye maonyesho ya sayansi Tanga, na mimi Tanga niliitaka kweli.

Nikagundua jambo. Ukitia maji kama theluthi ya chupa, inapaa kupita miti ya mivinje iliyouzunguka uwanja. Ukiijaza karibu yote inajikokota tu, maana hewa ya kuyasukuma imekosa nafasi. Kwa hiyo grafu yangu ilipanda, kisha ikashuka.

Mwalimu wetu wa fizikia aliitazama akacheka. "Maji mengi, msukumo mkubwa. Mstari unapaswa kupanda tu. Rekebisha."

Nikamwambia nimerudia kupima mara nyingi. Akasema nisimfundishe kazi. Na wewe unaijua desturi yetu ya maabara, haijafa mpaka leo: jibu linajulikana kabla ya jaribio, halafu wanafunzi wanapika namba mpaka zifike pale. Watu wazima, wenye vyeti vyao, wanaliita hilo sayansi. Mimi naliita uongo, na siombi radhi.

Nilikataa. Basi akaichora grafu mwenyewe kwenye karatasi ya manila, mstari umenyooka, chini yake akaandika jina langu. Siku ya wazazi, wageni wamekaa, akaniamuru nijaze chupa karibu yote. Roketi ilifika usawa wa paa la jiko, ikageuka, ikammwagia maji mgeni rasmi. Watu wakacheka. Mwalimu akasimama, akasema kwa upole kabisa, "Mtuwie radhi. Binti huyu hakupima vizuri."

Nililia, mwanangu, na si kwa aibu. Nililia kwa hasira.

Mama yangu, yaani bibi yako, alikuwa viti vya nyuma na kitenge chake cha kanisani. Fizikia hakuisoma. Akainuka, akawaamkia wakubwa kama inavyopasa, kisha akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyemwambia ajaze. Nimekusikia. Sasa mwache arushe anavyojua yeye."

Nikatia theluthi. Chupa ikapita paa la bweni, ikaangukia kwenye mivinje. Mwalimu akasema ni bahati tu. Mama akanigeukia kwa Kishambaa, akaniambia nirudie. Nikarudia, ikapita tena. Akaniambia nirudie tena, mpaka mgeni rasmi, suti imelowa, akaomba ashike pampu.

Tanga sikwenda. Mwalimu alipeleka kazi ya mtu mwingine, na mpaka anahama hakuniomba radhi. Linaniudhi hadi leo, sitakudanganya. Lakini sikubadilisha hata namba moja, na hilo hakuna aliyeweza kuninyang'anya.

Basi nakuambia waziwazi: vipimo vyako usiviguse. Ukivitilia shaka, rudia. Ukikosea, sema umekosea. Lakini kupanga namba ili mkubwa afurahi, hapana, hata mkubwa huyo akiwa mimi mama yako. Mwalimu wako mwamkie, mheshimu, halafu mwombe kwa adabu aje uwanjani atazame kwa macho yake.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe macho ya kuona kilichopo, akupe ulimi wa kukisema kilichopo, na akuongezee ujeuri kidogo, wa bibi yako. Jumamosi tunapanda wote uwanjani. Pampu nitapiga mimi.