Kiti cha Mgonjwa

Landrova inayoshuka kutoka Ugweno hadi hospitali ya Same huacha kiti cha mbele kwa mgonjwa. Juzi alikikalia mtalii. Alitusimulia, kwa furaha, alivyoizunguka Bangkok yote kwa mabasi ya bei chee, daima dirishani. Sasa alitaka kuliona Ziwa Jipe.

Mama mmoja alimshikilia binti yake mwenye uchungu wa kuzaa. "Kwani mzungu anaumwa nini?"

"Ana dola, mama," dereva akajibu. "Pandeni nyuma, kwenye magunia ya kahawa."

Tulisogea wote kuwapisha, hata mimi mbishi wa chuoni. Ziwa lilipotokeza, mtalii akaomba gari lisimame apige picha. Binti aling'ata khanga. Tukasubiri.

Soko huria limefika mlimani, wasomaji, na limekaa mbele.